Hema Lisilo na Nguzo

Fundi wa mahema aliogopa ngazi. Aliogopa pia bodaboda, mbwa, umeme unapokatika na umeme unaporudi, na zaidi ya vyote aliogopa mtu anayesema "usiwe na wasiwasi." Akisikia maneno hayo aliacha kushona, akaondoa miguu kwenye pedeli ya cherehani, akamtazama aliyesema kama mtu aliyeingia sokoni na kibiriti kinachowaka.

"Nisipokuwa na wasiwasi mimi," alisema, "nani atakuwa nao? Wewe?"

Sijui alizaliwa mwaka gani. Jina lake la ubatizo nililisikia siku tunamzika, padri alipolitaja, na nilitazama huku na huku nikidhani tumeingia kwenye msiba wa mtu mwingine. Sokoni Mchikichini aliitwa Fundi tu. Mimi aliniita Mama Editha, kwa jina la mwanangu, na akikasirika aliniita Mhehe. Mimi nikikasirika nilimwita Mngoni. Tulikaa bega kwa bega miaka mingi, meza yangu na cherehani yake, na katikati pazia la turubai ambalo hatukuwahi kulishusha.

Mimi nauza makoti na masweta ya mitumba. Katika jiji ambalo watu wanalala milango wazi kwa joto, mimi nauza makoti. Yeye alishona na kuuza mahema ya mlimani. Wenzetu waliita pale petu Kona ya Baridi, na vijana wanaouza viatu walipopita walijifanya wanatetemeka, wanapuliza viganja. Fundi hakucheka. Alisema, "Cheka tu. Ukipata safari ya Makete utarudi hapa unapiga magoti."

Wangoni na Wahehe ni watani, tangu babu zetu walipopigana mpaka wakachoka. Mtu asiyejua utani angetusikia asubuhi angedhani tunagombana.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekula nini asubuhi? Nasikia kuna mbwa wa jirani amepotea."

"Amekuona wewe akakimbia. Au wewe ndiye uliyekimbia? Nyie si mlimkimbia Mzulu toka huko Afrika Kusini, kwa miguu, mpaka mkaangukia Songea?"

"Tulikimbia," alisema, huku anatia uzi kwenye sindano. "Ndiyo maana tupo."

Jibu hilo alilirudia mara nyingi, na mwanzoni nililichukua kama mzaha.

Mahema yalikuja ndani ya mabelo ya mitumba, yamechanganyika na magunia ya kulalia na suruali za mvua. Mengi yalikuja na nguzo zake ndani ya mfuko, zile nyembamba zinazoungana. Lakini yalikuwepo mengine yenye umbo la piramidi, kitambaa chepesi kinachoteleza kama ganda la kitunguu, ukilikunja linaenea kwenye kofia. Hayo yalikuja bila nguzo, yote, kila mara. Soko zima liliamini kwamba nguzo zimeibiwa njiani. Wengine walisema bandarini, wengine walisema huko huko Ulaya. Basi watu waliyauza kama vifuniko vya pikipiki, au waliyakata wakashona makoti ya mvua ya watoto. Mama mmoja wa Ilala alinunua moja akaliita chandarua cha kisasa, akalirudisha kesho yake, amelowa jasho.

Fundi naye aliamini hivyo hivyo. Alilaani wezi wa nguzo kwa muda mrefu kama wengine. Kisha akachonga nguzo ya mti kwa moja ya hayo mahema, akaisimika, na ncha ikatoboa kilele. Alipokuwa anaweka kiraka ndipo akaona kwamba kileleni palikuwa tayari na kiraka cha kiwandani, kinene, chenye alama ya mviringo iliyosuguliwa. Alikaa nacho mapajani muda mrefu. Akaniuliza, "Mama Editha, ni kitu gani mtu wa mlimani anacho siku zote mkononi?"

Nikasema, "Fimbo."

Basi ikawa hivyo. Hakuna aliyeiba. Mtu wa mlimani anatembea na fimbo mchana, na jioni ile ile fimbo inakuwa nguzo. Fundi badala ya kufurahi aliingiwa na hofu. "Yaani hema lake lote," alisema, "linasimama kwa fimbo moja." Siku nzima hakushona tena.

Alikuwa na mazoea yake. Kila mshono alioushona aliuweka mdomoni, akapuliza kutoka upande wa ndani, huku mkono wa kushoto uko upande wa nje ukisubiri upepo. Mikono yake ilikuwa na ngozi ngumu kama ukoko wa ugali, lakini ilisikia pumzi iliyopita kwenye tundu la sindano. Alikula akiwa ameegemea ukuta ili mtu asimtokee nyuma. Mvua ikianza, alikimbilia chini ya bati akiwa wa kwanza, kisha akasimama pale anaisikiliza, uso umelegea kama wa mtu anayesikiliza kwaya. Hakuwahi kulala ndani ya hema hata mara moja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Unataka nife?"

Tena alikuwa mkali. Watu wa maofisi ya Posta walikuja kutafuta hema la kwenda nalo ufukweni, naye aliwauzia lolote, hakuwajali, akasema jua halijamuua mtu mwenye gari. Lakini akija mtu aliyesema anakwenda mlimani, aliulizwa maswali kama yuko polisi. Mlima gani. Mwezi gani. Unabeba mwenyewe au unabebewa. Mvua ikikukuta utamwita nani. Mtu akijibu kwa kujigamba, Fundi alikunja hema akalirudisha kwenye sanduku. Nilimwona anamkatalia kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua ya kioo.

"Mzee, hela hii hapa. Tatizo liko wapi?"

"Huogopi."

"Sasa niogope nini, mzee wangu? Mi mwanaume bwana."

"Basi nenda kanunue kwa mwanaume mwenzako."

Mimi nilimwambia atakufa njaa. Yeye alisema heri njaa, angalau ataiona inakuja.

Sasa lazima niseme habari ya mume wangu, maana bila hiyo hakuna habari.

Baba Editha alikufa milimani kwetu, Udzungwa, Editha akiwa bado anatambaa. Alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya watu waliokuwa wanapima msitu. Ilikuwa mvua ya siku nyingi na upepo. Walikuwa na hema kubwa la turubai lenye nguzo za chuma, zito mno, walilibeba kwa zamu. Nguzo moja ilipinda, hema likawaangukia. Walimkuta asubuhi karibu na kijito, ameketi, mgongo kwenye jiwe, kama mtu anayesubiri gari. Watu wanadhani lazima theluji iwepo ndipo baridi iue. Sivyo. Kulowa na upepo vinatosha.

Mambo haya simwambii mtu. Fundi nilimwambia baada ya miaka mingi ya kukaa naye, siku ambayo soko lilikuwa limepoa. Hakusema pole. Aliuliza maswali mawili.

"Hema lilipoanguka, alitoka nje?"

"Alitoka. Alitaka kulisimamisha."

"Na wenzake?"

"Wenzake walibaki humo humo chini ya turubai. Walipona."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani. Jioni, tukifunga, akasema bila kunitazama, "Alikuwa mtu jasiri, basi." Alilisema neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa.

Editha alikua. Alisoma mpaka chuo, mambo ya wanyamapori, na akamaliza akakaa nyumbani kama wengine. Halafu siku moja alikuja sokoni anakimbia, jasho linamtoka, amepata kazi. Kazi ya miezi michache, kuhesabu ndege na vyura milimani. Nikapiga kigelegele, watu wa viatu wakapiga makofi. Nikauliza mlima gani.

Akajifuta jasho. Fundi aliacha kushona.

"Udzungwa, mama."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilikuwa nimeshika sweta la kijani na kwamba baadaye nilikuta nimeling'oa kifungo.

Nilimkatalia. Nilimkatalia kwa wiki nzima. Hakugombana nami, hiyo ndiyo tabia yake, alipika, akafua, akasali, na kila nikimtazama aliniambia, "Mama, nitaenda." Watakuwa wawili, yeye na msichana mwenzake, watapanda na kila kitu mgongoni, watalala juu, watahama. Hema wajitafutie wenyewe. Nilipoona maneno yangu yameisha nilisema basi, lakini hema nitachagua mimi.

Kwa hiyo tulikusanyika pale Kona ya Baridi, sisi watatu, na Fundi akatoa mahema. Mimi nilikuwa nimeshaliona langu. Lilikuwa la mviringo kama kuba ya msikiti, nguzo tatu zinazokatizana, kitambaa kizito, sakafu imeshonewa, zipu nene. Nililigonga kwa ngumi. Lilikuwa kama nyumba.

Editha alilivaa mgongoni pamoja na begi lake, akatembea mpaka kwa wauza viatu akarudi.

"Mama, hili dude linataka punda. Bado chakula, bado maji, bado vifaa."

"Utazoea."

"Nitazoea nikiwa nimeshakata moto."

Fundi aliinama. Kisha akatoa kwenye sanduku lake la bati, lile asilofungulia wateja, piramidi moja rangi ya majani makavu. Alilirusha kwenye meza yangu, na halikutoa sauti.

"Hilo siyo hema," nilisema. "Hilo ni leso."

"Mhehe, nisikilize."

"Halina nguzo! Halina hata sakafu. Siafu wakija?"

"Siafu nimewafikiria," alisema. Na kweli alikuwa amewafikiria. Alikuwa ameshona kitanda cha kitambaa kinene chenye kingo zilizoinuka kama sinia, cha kuingia ndani yake. "Siafu, nyoka, ukungu, umande unaodondoka kutoka juu kwa pumzi za waliolala. Nyoka nimemwota. Mambo yote haya unayoogopa leo, mimi niliyaogopa juzi."

"Basi kwa nini unampa hilo?"

"Kwa sababu nguzo tatu ni vitu vitatu vya kuvunjika. Hili ubavu wake umelala, upepo unapanda unapita. Kamba zake ziko chini, pembe nne, na katikati ya kila ubavu nimeongeza kitanzi. Na ni jepesi. Mtu akifika juu amechoka, akili inachoka naye. Anafanya mambo ya kijinga. Anatoka nje."

Nikasema lile jingine ni imara.

"Na la mumeo lilikuwa imara," alisema Fundi.

Editha aliweka mkono mdomoni. Mimi nilivuta pazia letu la turubai. Ndiyo siku pekee tuliyolishusha.

Kesho yake asubuhi alilifunua kwa kidole kimoja, kidogo tu, jicho likachungulia. "Shikamoo," alisema. Mzee kama yule, kunipa shikamoo mimi. Nikacheka bila kutaka. Akasema, "Twende tukalijaribu. Si kwa maneno. Kwenye upepo."

Upepo wa kweli mjini kwetu uko juu ya maghorofa. Kariakoo pale, nyumba zimebanana, upepo wa baharini ukipita katikati yake unapiga kelele. Nina mteja wangu, dada wa Kilimanjaro anayeuza vitambaa kwa jumla, na juu ya ghorofa lao kuna paa la zege lenye matangi ya maji. Nilimwomba, akakubali, akasema tu tusianguke, maana duka liko chini.

Ulikuwa mwezi wa masika. Tulikwenda mchana, wingu limeshakuwa jeusi kutoka upande wa bahari. Lifti ilikuwepo. Fundi aliitazama ikifungua mlango na kufunga, akasema hapandi kwenye kinywa cha mtu. Basi ngazi. Alizipanda amefumba macho, ameshika mkanda wa begi la Editha kama kipofu wa barabarani, na kila tukifika ghorofa aliuliza, "Bado?" na Editha alijibu, "Karibu, babu," na haikuwa karibu. Nilikuwa nyuma yao. Niliona shati lake lote limelowa mgongoni, na haikuwa joto.

Juu hakusimama. Alitambaa. Mtu mzima na shati lake la kazi, anatambaa kwenye zege, anafunga kamba kwenye miguu ya matangi, kwenye nondo zilizobaki za ghorofa ambalo halikumalizika, kwenye matofali. Editha alirefusha fimbo yake ya mlimani, ile ya chuma chepesi inayovutika, akaisimika katikati, na ile leso ikainuka ikawa kitu chenye pembe, kimekaza kama ngozi ya ngoma. Mvua ikafika. Tukaingia wote watatu, magoti kwa magoti.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Kitambaa kilipigwa, kikavutwa, kikapigwa. Nilishika fimbo kwa mikono miwili. Fundi alikuwa anapapasa mishono, mdomo unaenda, nikadhani anaipima, kumbe anasali Salamu Maria. Tone likaniangukia shingoni. Nikasema, "Linavuja." Akapapasa juu, akapapata mahali, akapabana kwa kibanio cha kuanikia nguo. Baadaye alipaka pale silikoni ya kuzibia vioo vya madirisha, aliyoilainisha kwa mafuta ya taa mpaka ikawa kama uji, maana gundi nyingine zote kitambaa kile kinazitema. Lakini hayo ni ya baadaye.

Wakati ule alinigeukia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, majivu matupu.

"Nisamehe, Mama Editha," akasema, akaishika fimbo, akaing'oa.

Hema likatuangukia. Kukawa giza, nalo lilikuwa la baridi, limelowa, limenibana puani. Nilipiga kelele. Mwili wangu ulijua kitu kimoja tu, nje. Nilikuwa nimeshainua pindo, nimeshatoa kichwa na bega kwenye mvua, naona ukingo wa paa na chini yake bati za Kariakoo, na mkono ukanikamata kiunoni ukanivuta ndani.

"Usitoke! Kalia pindo! Editha, kalia pindo! Vuta kitambaa kipite chini ya makalio, shika cha mbele, kaa!"

Tulikaa. Tulilikalia pindo pande zote, migongo imegusana, na kile kitambaa kikawa gunia lililotufunga. Upepo uliendelea kupiga kelele, lakini ulikuwa unapita. Haukuwa na kitu cha kushika. Hakukuwa na nguzo ya kupinda. Polepole nikaanza kusikia joto, joto la migongo yetu. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama punje za mahindi kwenye kopo. Yalikuwa meno ya Fundi.

"Fundi, unatetemeka."

"Natetemeka," alisema. "Lakini nimekalia pindo."

Editha alianza kucheka, halafu nikasikia analia, halafu sikujua tena ni lipi. Mimi nilikuwa namwona baba yake. Niliona kwamba hakuwa na mtu wa kumshika kiuno.

Editha aliondoka baada ya Pasaka, na ile piramidi ndani ya begi, imekunjwa ndogo kuliko kanga yangu.

Tulipatana kwamba kila Jumapili mchana atapanda mahali fulani penye mtandao, atapiga simu. Jumapili za mwanzo alipiga. Alisema vyura wapo, ndege wapo, siafu walikuja wakapita pembeni. Halafu mvua za kwetu zikazidi, hata redioni walisema, na Jumapili moja simu haikulia. Nilikaa nayo mapajani mpaka giza. Nilipiga mimi, mwanamke wa kwenye mashine akaniambia mteja hapatikani. Nilipigia watu wa ile kazi, wakaniambia nisiwe na wasiwasi.

Wiki ile Fundi hakuwepo sokoni kunisaidia kuogopa. Alikuwa ameanza kuugua tangu masika, kifua, na sasa alilala. Hospitali walimpa dawa na tarehe ya kurudi. Mimi niliuza makoti kama mashine. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilijua siwezi kuisubiri simu nikiwa peke yangu. Nilikwenda kwake Ilala.

Alipanga chumba kimoja uani. Nilibisha hodi, nikaingia, na nikasimama mlangoni. Juu ya kitanda chake alikuwa amening'iniza hema. Piramidi, la buluu, kilele kimefungwa kwenye boriti, mapindo yamechomekwa chini ya godoro. Fundi alikuwa ndani yake, anaonekana kama kivuli.

Nilikuwa na hofu, lakini utani ni utani.

"Mngoni amehamia porini."

Sauti ikatoka ndani, nyembamba. "Bati linavuja. Ingia, Mhehe. Vua viatu."

Niliingia. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chini ya kile kitambaa, na mwanga ulikuwa wa buluu usoni mwake. Alikuwa amebaki macho na mikono. Nikasema, "Kumbe ulisema ukilala ndani ya hema utakufa."

"Si ndiyo nakufa?"

Nilimvutia shuka. Akauliza, "Amepiga?"

"Bado. Jumapili iliyopita hakupiga."

Alifumba macho. Nilisubiri aniambie lolote. Nilikuwa nimetembea kote kule ili mtu aliyelishona aniambie litashika. Mtu mwingine yeyote angeniambia.

"Sijui," alisema Fundi. "Sijui, mwanangu. Kila usiku nalipitia, mshono kwa mshono. Pale kileleni nilirudia mara mbili. Vitanzi mara tatu. Sijui."

Nikaweka simu juu ya shuka, katikati yetu. Akaigeuza ili kioo kitazame juu. Tulikaa. Nje watoto walikuwa wanaruka kamba, mwanamke alikuwa anamfokea mtu kwa sababu ya ndoo. Fundi alikuwa na kikohozi kinachomvunja katikati, na kila kikimwisha aliangalia simu kwanza, ndipo akapumua. Nilimshika mkono.

Simu ikalia.

Nilishindwa kuibonyeza. Aliibonyeza yeye, kwa kile kidole kigumu, akaweka sauti ya nje.

"Mama?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza, upepo umejaa ndani yake. "Mama, unanisikia? Mtandao mbovu. Mto ulijaa, tulishindwa kuvuka kuja huku juu. Mama?"

Nilikuwa nalia tu.

"Uliza hema," alisema Fundi.

"Mwanangu, hema?"

"Lilianguka, mama! Fimbo iliteleza, vigingi viwili vikang'oka, upepo mama, sijawahi kuona. Mwenzangu alitaka kutoka. Nilimshika kiuno. Tulikalia pindo mpaka kukakucha."

"Muulize kilele kilivuja?"

"Kilele hakikuvuja. Shikamoo, babu! Upo hapo?"

Fundi hakuitikia shikamoo. Alijiinua kwa kiwiko, jambo ambalo nadhani lilimuumiza, akasogeza mdomo kwenye ile simu.

"Editha. Uliogopa?"

Upepo ulipita kwenye simu. Halafu akajibu, taratibu, kama anayeungama.

"Niliogopa, babu. Niliogopa mpaka nikajikojolea."

Fundi akajilaza. Nilisikia kifua chake kikiachia pumzi ambayo sijui alikuwa ameibana tangu lini. Akanitazama kwenye ule mwanga wa buluu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, uso wake ulikuwa kama ule aliokuwa nao akisikiliza mvua chini ya bati.

"Huyo atarudi," akasema.